Kulehemu Modeli za Metali: Hatari Iko Vidoleni

Tangu Machi 2018, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuwauzia wananchi wa kawaida lehemu yenye risasi ya asilimia 0.3 au zaidi. Mafundi wa kazi rasmi wana masharti yao, yamo kwenye kanuni. Kinachotuhangaisha sisi ni mtu anayeunganisha modeli ya garimoshi juu ya meza ya chakula, akiwa na koili ya zamani ndani ya droo, na anayeogopa kisichostahili hofu hiyo. Wengi huogopa kuvuta risasi kwenye moshi. Ncha ya kifaa cha kulehemu hufika nyuzi 350 hivi, ilhali risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749 za Selsiasi. Ule moshi mweupe unatokana na ulimbo wa msonobari uliomo ndani ya waya, nao una madhara yake: huweza kuleta pumu, na aliyekwisha kuipata hushikwa tena na moshi kidogo tu. Basi feni iuvute moshi mbali na uso. Risasi yenyewe hupita kwingine, mdomoni.

Chukua kipande cha metali nyeupe, kama vile bomba la moshi la injini. Metali hiyo mara nyingi ni bati na antimoni, na katika seti nyingi za zamani huchanganywa na risasi. Kabla ya kukiunganisha, fundi hukipiga tupa hadi king'ae. Vumbi la kijivu hubaki kwenye mikunjo ya vidole na chini ya kucha, halafu mkono huohuo unashika mkate. Hapo ndipo tunaposhindwa kusikilizwa, ingawa onyo hili tumelitoa mara nyingi kuliko lolote: nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kikombe au mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango cha risasi mwilini kisicho na madhara. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Ufagio hulirusha hewani.

Watasema wazee wamelehemu miaka arobaini na wako wazima. Risasi hujificha mifupani kwa miongo, na mtu kutojisikia mgonjwa hakuthibitishi kwamba hana risasi mwilini. Wengine hukimbilia lehemu isiyo na risasi. Ni hatua nzuri kwa mabamba ya shaba ya njano, lakini huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 217 hadi 227, karibu mno na kiwango cha metali nyeupe yenyewe: ukichelewa kidogo kuondoa ncha, bomba lako linalegea kama siagi. Kwa hiyo wengi hutumia lehemu ya nyuzi 70, bila kujua kwamba baadhi yake ina risasi pamoja na kadimiamu. Soma lebo kabla ya kuipasha moto. Gundi ya papo hapo nayo inafaa kwa vipande vidogo, ila kiungo kilichogundishwa kisiguswe tena na ncha ya moto, kwani mvuke wake huwasha macho na koo.

Chai iwe chumba kingine. Na kabla ya kuinywa, nawa.