Grace Ogot na njia mbili za hadithi

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika hapa Lubumbashi huwaachia wenzetu wa Kiingereza waandishi wa Kiingereza. Yupo mmoja, jirani yetu wa Kenya, ambaye hatupaswi kumwacha: Grace Ogot.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Asembo, Nyanza. Baba yake alimsomea hadithi za Biblia, na nkambo wake wa kike alimsimulia ngano za Wajaluo. Alisomea uuguzi na ukunga Uganda na Uingereza, akafanya kazi pia katika redio ya BBC, London. Mwaka 1966 ilitoka The Promised Land, naye akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuchapisha riwaya kwa Kiingereza. Mwaka 1983 aliingia bungeni, baadaye akawa waziri msaidizi. Alifariki mwaka 2015.

Kwa mwanafunzi wa isimu, somo limo katika njia mbili alizozipita.

Njia ya kwanza. Mwaka 1962, katika mkutano wa waandishi huko Makerere, Kampala, alisoma hadithi ya msichana anayetolewa sadaka ziwani ili mvua inyeshe. Mkutano huo uliwaita waandishi wa Kiingereza tu. Ngano hiyo aliisikia kwa nkambo wake, lakini iliingia kwenye karatasi kwa Kiingereza. Mtu akitaka leo kuchunguza sentensi za yule mzee, atazipata wapi?

Njia ya pili. Miaka ya 1980, akiwa tayari na jina, alianza kuchapisha kwa Kijaluo. Kitabu chake Miaha (1983) kinamhusu Nyawir, bi arusi wa zamani zile jembe lilipokuwa likilima lenyewe. Alipotaka kulima kwa mikono yake, raha ile ikaisha, na binadamu akaanza kutoka jasho. Mwaka 1989 kilitoka kwa Kiingereza, The Strange Bride, na mfasiri alikuwa Okoth Okombo, mwanaisimu. Safari hii Kijaluo kilitangulia, tafsiri ikafuata. Wasomaji wa mbali hawakukosa kitu, na wa nyumbani walipata chao kwanza.

Nimeyaelewa haya kwa kuchelewa. Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo nilikusanya ngano za nkambo wangu. Nilimsikiliza jioni, usiku nikaandika moja kwa moja kwa Kifaransa, kwa sababu ndicho kinachosomwa na walimu. Siku moja nilimsomea ukurasa, nikimfasiria. Akaniuliza: “Sasa maneno yangu iko wapi?”

Sikuwa na jibu. Yeye alisema “bantu balikuwaka banalima pamoja.” Katika Kifaransa changu maana ilibaki, lakini ile -aka, alama ya jambo la mazoea katika Kiswahili chetu, haikuwepo tena. Nilikuwa nimefuta kitu kilekile nilichopaswa kukichunguza. Nimeanza upya: maneno yake juu, Kifaransa chini. Ngano tatu sitazipata tena, maana amezisahau.

Wengine watasema Kiswahili cha Lubumbashi si cha kuandikwa. Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu walitoa historia ya Élisabethville, iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha mji huuhuu. Hawakungoja ruhusa ya kitivo.

Sisemi tuache Kifaransa. Ogot hakukitupa Kiingereza, na bila Kiingereza mimi nisingemjua. Ninasema juu ya mpangilio: andika kwanza katika lugha iliyosimulia, kisha fasiri. Tafsiri inaweza kurudiwa mara kumi, lakini msimulizi hatarudi.

Zoezi kwa likizo hii: mwombe mzee wa nyumbani ngano moja, uiandike jinsi alivyoisema, bila kusahihisha hata neno. Halafu msomee. Akicheka mahali panapostahili, umeandika vizuri.