Maelezo ya Kazi: Kila Sharti na Chanzo Chake

Maelezo ya kazi mengi hayaandikwi, hunakiliwa. Nafasi inapokuwa wazi, jalada la zamani hufunguliwa, tarehe ikabadilishwa, tangazo likatoka. Makosa ya mwandishi wa kwanza hurithiwa hivyo, na waombaji wanaofaa hupita mbali kwa kudhani kwamba kazi si yao. Njia ya kuepuka hilo ni kuuliza kila sharti limetoka wapi: kwenye kazi yenyewe, kwenye sheria, au kwenye mazoea ya ofisi. Lililotoka kwenye mazoea lifutwe.

Kusini mwa mdomo wa bandari ya Durban iko Bluff, kilima kirefu kati ya bahari na bandari. Upande wa ndani, Island View, yamepangwa matangi ya mafuta na kemikali, na malori hupakia hapo. Chukulia rasimu ya tangazo la dereva wa lori la mafuta inayosema: “Anatakiwa dereva mchangamfu, umri miaka 25 hadi 40, mkazi wa Bluff, uzoefu usiopungua miaka 10, atakayefanya pia kazi nyingine atakazopangiwa.”

Umri wa miaka 25 una chanzo. Nchini Afrika Kusini, kibali cha udereva cha kubeba mizigo ya hatari hakitolewi kwa aliye chini ya umri huo. Ukomo wa miaka 40 hauna chanzo kama hicho. Sheria ya Usawa katika Ajira ya 1998 inakataza ubaguzi usio wa haki kwa misingi kama umri, jinsia, dini na lugha, na ulinzi huo unamfikia hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Mwajiri anaweza kutofautisha watu kwa sharti ambalo kazi haiwezekani bila hilo, na hoja hiyo lazima aweze kuisimamia.

“Mkazi wa Bluff” huonekana jambo dogo. Kuanzia 1873 watumwa walioachiwa huru, wengi wao Wamakua, waliletwa Natal kutoka Zanzibar na kugawiwa kwa waajiri kwa mikataba. Jamii yao, inayoitwa Wazanzibari hadi leo, ilijenga makazi Kings Rest, hapo hapo Bluff, kabla ya kuhamishiwa Chatsworth katika miaka ya 1960 chini ya sheria ya kutenga maeneo kwa rangi. Sharti la makazi, hata likiandikwa bila nia mbaya, humfungia mlango mjukuu wa mtu aliyeondolewa mahali hapo kwa nguvu. Aghalabu mwandishi wa tangazo alichotaka ni dereva asiyechelewa. Basi aandike hivyo: zamu huanza saa 10 alfajiri, na dereva awe na njia ya kufika kituoni.

Kuhusu uzoefu, Sheria ya Usawa katika Ajira inatambua kwamba mtu anaweza kufaa kwa vyeti, kwa ujuzi alioupata kazini, kwa uzoefu, au kwa uwezo wa kujifunza kazi ndani ya muda unaofaa. Hesabu ya miaka ni kipimo cha uvivu. Afadhali kutaja anachopaswa kukiweza: kukagua vali na mifuniko ya tanki kabla ya safari, kuunga waya wa ethi ili umeme tuli usizue cheche wakati wa kupakia, kulinganisha hati ya mzigo na alama za hatari zilizobandikwa kwenye lori. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo hujitambua mara moja. Asiyeifahamu hujiondoa mwenyewe. Ama “mchangamfu”, dereva wa petroli anatakiwa awe makini. Uchangamfu ni wake na rafiki zake.

“Kazi nyingine” ndicho kichaka cha migogoro. Sheria ya Masharti ya Msingi ya Ajira ya 1997 ya Afrika Kusini inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi kwa maandishi jina la kazi yake au maelezo mafupi yake, mahali pa kazi, saa na ujira. Tanzania kwa sheria yake ya ajira ya 2004, na Kenya kwa ile ya 2007, zinataja maelezo ya kazi miongoni mwa yale yanayopaswa kuandikwa. Kinachotangazwa kikitofautiana na kinachotiwa saini, imani huvunjika kabla ya mshahara wa kwanza. Mshahara wenyewe utajwe, angalau kiwango cha chini na cha juu, pamoja na saa: saa za kawaida nchini Afrika Kusini hazizidi 45 kwa wiki. Itajwe pia kwamba mwombaji halipi chochote, kwa kuwa matapeli huishi kwa matangazo yenye “ada ya usajili”.

Kabla ya kutangazwa, rasimu isomwe na dereva anayeifanya kazi hiyo sasa, akiwa na kalamu mkononi. Akisema sehemu kubwa ya zamu yake ni kukaa kwenye foleni ya kupakia, foleni hiyo iandikwe.