Ukamilike Usikamilike: Lugha ya Ahadi katika Hatifungani za Wilaya za Huduma za Umma

Makala haya yanachunguza lugha ya ahadi zinazoambatana na hatifungani za mapato, yaani hati ambazo asasi ya umma hukopea fedha na kuzilipa kutokana na mapato ya huduma yenyewe, si kodi. Mfano uliochaguliwa ni wa jimbo la Washington, Marekani, ambako sheria iliyopitishwa na wapigakura mwaka 1930 iliwawezesha wananchi kuunda wilaya za huduma za umma za kuwauzia umeme na maji.

Kwa kuwa mkopeshaji hana shamba wala nyumba ya kushikilia, kinga yake ni maneno. Wilaya huahidi kutoza bei itakayotosheleza uendeshaji na deni, tena kwa ziada. Huahidi kuweka akiba na kutouza mitambo ovyo. Ahadi hizi aghalabu huitwa "masharti", nalo ni kosa. Sharti hutegemea jambo jingine: jambo hilo lisipotimia, wajibu hulegea. Ahadi ya hatifungani haitaki kutegemea chochote. "Agano" lingefaa zaidi, ijapokuwa limezoeleka katika dini.

Mwaka 1976, asasi 88, zikiwemo wilaya hizo, zilitia sahihi mikataba na shirika la Washington Public Power Supply System lililokusudia kujenga mitambo ya nyuklia namba 4 na 5. Kila asasi ingelipa fungu lake la deni, mtambo ukamilike usikamilike. Kiswahili kinalieleza wazo hilo kwa kitenzi kimoja cha hali tegemezi, yakinishi kisha kanushi. Na juu ya wazo hilo zikauzwa hatifungani za dola bilioni 2.25.

Ujenzi ulikomeshwa Januari 1982. Juni 1983, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba asasi za Washington hazikufungwa na mikataba ile. Kifungu chenyewe kilieleweka barabara. Swali lilikuwa la mamlaka: sheria iliziruhusu kununua umeme, je, kulipia umeme usiokuwepo ni kununua? J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alieleza kuwa tamko la kutenda hubatilika msemaji asipokuwa na mamlaka ya kulitoa, hata maneno yawe sahihi namna gani. Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi uliofuata shirika likashindwa kulipa, na walioumia ni pamoja na watu wa kawaida waliokuwa wameweka humo akiba zao. Mashauri ya miaka iliyofuata yaliwarudishia sehemu tu ya fedha hizo.

Mitambo namba 1 na 3 ya shirika lilo hilo nayo haikukamilika. Mikataba yake ilikuwa na kifungu kinachofanana na kile, lakini nyuma yake ilisimama Bonneville, asasi ya serikali ya shirikisho. Hatifungani zake ziliendelea kulipwa.