Kuchora Historia kwenye Ukuta wa Kilabu cha Pombe

Tarehe 29 Novemba 1884, Mangungo, mtawala wa Msowero, huku Usagara, alitia alama yake kwenye karatasi ya Mjerumani Carl Peters. Karatasi ilijiita mkataba wa urafiki wa milele. Ndani yake, kwa Kijerumani, ilisema ametoa nchi yake yote. Peters mwenyewe alieleza baadaye kwamba katika safari ile ya kukusanya mikataba desturi yake ilikuwa kumpa mtawala kileo kwanza, mpaka achangamke, ndipo mkataba ufuate.

Basi ukitaka kuchora historia kwenye ukuta wa kilabu cha Msowero, kisa cha kuanzia unacho: kinywaji na karatasi. Na onyo limo humo humo. Usimchoree mtu jambo ambalo hajasomewa.

Sikiliza kwanza

Nenda mapema, kabla makopo hayajazunguka. Anza na wapika pombe, maana wengi wao ni akina mama, na wanaume wakiachiwa masimulizi peke yao utadhani komoni na kangara zilijipika. Uliza nani alipika pipa la kwanza, kuni zilitoka wapi, wateja walikuwa manamba wa mkonge au wavuna mpunga.

Usimuulize bibi "mwaka gani?" Muulize "kabla au baada?" Kabla ya uhuru wa 1961? Baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970? Kabla ya mafuriko ya Kilosa, yale ya mwisho wa 2009 na Januari 2010? Kwa ngazi hizo utapanga visa bila kubuni tarehe.

Chagua vitano tu

Ukuta mmoja haubebi kila kitu. Chukua visa vitano, kila kimoja kiwe na kitu kinachoonekana kwa mbali: karatasi, reli, katani, mtungi, mto uliofurika. Mangungo usimbunie sura. Mchore kwa mgongo, na karatasi iwe kubwa kuliko watu wote.

Kisa chenye kidonda kipime kwa makini. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilaya hii hii ya Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mbele ya watu waliolewa, picha kama hiyo yaweza kuwasha moto upya. Usiiguse mpaka wazee wa pande zote mbili wamekubali. Na gongo iache: ni marufuku, usimchoree mwenye kilabu kesi ukutani.

Isome picha mbele ya watu

Chora rasimu kwenye karatasi, itundike kilabuni wiki nzima, na uielezee kwa sauti. Watakaosema "haikuwa hivyo" ndio wahariri wako. Kisha andikiana na mwenye kilabu, kwa Kiswahili, nakala mbili: nani ananunua rangi, picha itakaa miaka mingapi, na kampuni ya bia au ya simu ikija kutaka ukuta ule kwa tangazo, itajibiwa nini.

Tibu ukuta

Fanya kazi kati ya Juni na Oktoba, masika yakishapita na vuli haijaanza. Lipu mpya iache wiki nne; ukiwahi, rangi itabanduka. Penye chumvi nyeupe, sugua kwa brashi kavu, kisha tafuta unyevu unakotoka: pengine bati linavuja, pengine udongo wa nje umepanda juu ya msingi. Ziba nyufa, piga msasa, paka rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa.

Kisha keti kwenye benchi. Migongo na vichwa vya wanywaji vitaegemea ukuta huo kila jioni. Anzia picha sentimita 130 kutoka sakafuni. Chini yake paka mkanda wa rangi ya mafuta, nyeusi au kahawia, unaofutika kwa kitambaa.

Hamisha mchoro, kisha paka

Kwa eneo la mita 4 kwa mita 1.2, rasimu iwe sentimita 40 kwa 12. Igawe miraba ya sentimita 2, na ukuta miraba ya sentimita 20, kwa kamba iliyopakwa chaki. Nakili mraba mmoja mmoja kwa mkaa.

Rangi tano zinatosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na bluu. Mchoraji Edward Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960 Dar es Salaam, alitumia rangi za baiskeli, na picha zake zinasomeka kwa mbali kwa sababu ya kingo safi na mandhari isiyojaa vitu. Kila rangi unayochanganya, ichanganye ya kutosha eneo lote. Kuipata ileile mara ya pili ni shida. Anza na mandhari ya nyuma, fuata watu, malizia na mistari myeusi.

Maelezo ya maandishi usiweke. Siku ya mwisho mwite mzee asiyejua kusoma, umwombe akusimulie ukuta kutoka kushoto hadi kulia. Akikwama mahali, rudi pale na brashi, kwani hapo umemwandikia karatasi nyingine ya Peters.