Funzo la Taharuki Kutoka Filamu ya Krismasi

Krismasi iliyopita tulitazama filamu ya mapenzi ya Hallmark ya Marekani. Nyingi hupigwa picha Kanada msimu wa joto, theluji ikiwa bandia!

Msuko wake ni ule ule. Binti wa mjini anarudi kwao, anapenda kijana wa huko, wanakosana karibu na kilele, kisha wanapatana usiku wa Krismasi.

Nikajidai mhakiki, nikatoboa mwisho mapema. Mama akaniambia, "Nyamaza wewe, hata mimi najua. Wacha nione akifika nyumbani."

Baba, bawabu jijini Nairobi, alikuwa amenyimwa likizo.

Walimu hutufunza kwamba taharuki ni hamu ya kujua kitakachotokea. Mimi naongeza: pia ni hamu ya kuona kile unachokingojea kikitimia.