Dondoo muhimu: Besi ya spika za rafuni

Dukani, spika inayopiga kelele zaidi ndiyo huonekana bora, na sikio hudanganyika kirahisi. Kabla ya kulinganisha jozi mbili, mnunuzi asawazishe ukubwa wa sauti za jozi zote mbili. Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha.

Kisha uwekwe wimbo anaoujua vizuri, wenye gitaa la besi linalotembea. Rumba inafaa sana. Uzi mnene wa gitaa la nyuzi nne, ukipigwa bila kubanwa, hutoa takriban hezi 41, na spika nyingi ndogo huanza kufifia kabla ya kufika huko. Asikilize: je, kila noti inajitenga, au zote zinatoka "bum" lilelile? Likiwa bum moja, hapo ni boksi linalovuma.

Uzito wa besi nao una hila. LS3/5A, spika maarufu iliyobuniwa BBC miaka ya 1970, ina boksi dogo lililofungwa, lakini besi yake ya juu imeinuka kidogo, ikasikika nene kuliko umbo lake.

Karatasi ya vipimo isomwe kwa makini: hezi 45 sauti ikiwa imeshuka desibeli 3 si sawa na hezi 45 ikiwa imeshuka desibeli 10.

Halafu kuna ukuta. Kona ya chumba huvimbisha besi, hasa spika ikiwa na tundu nyuma. Aisogeze mbele kidogo kidogo. Ikigoma, soksi iliyokunjwa ndani ya tundu hupunguza mvumo.