Mto Unaleta Nini Ziwani?

Kazimia iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi. Mbele yake ni maji, nyuma yake ni vilima na milima. Mtoto wa Kazimia anajua ndagala, mikeke, kuhe na kambale kabla ya kujua kusoma. Lakini ukimwuliza, «Ziwa hili lina aina ngapi za samaki?» atataja kumi, labda ishirini, kisha atanyamaza. Hata wavuvi wazee hunyamaza.

Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba Adamu aliwapa majina wanyama na ndege. Samaki hawatajwi pale. Kazi ya kuwapa samaki majina imebaki kwa wanadamu wengine, na mpaka leo haijaisha. Mwaka 1946 na 1947 wataalamu kutoka Ubelgiji, na kati yao Max Poll, walizunguka ziwa hili lote wakivua, wakipima na kuandika. Wengine waliwafuata, na huko Uvira kuna kituo cha utafiti wa maji. Katika jamii moja tu, ile ya ngege na kuhe, wamehesabu aina karibu 240. Karibu zote hazipatikani mahali pengine po pote duniani. Zikipotea hapa, hakuna pa kuzitafuta.

Je, samaki wengi namna hii wanaishije pamoja bila kunyang'anyana chakula? Kila aina ina kazi yake na makao yake. Kuhe ni mkubwa kuliko wote wa jamii ile, naye huwinda samaki wengine. Wako wadogo wanaokwangua ukoga wa kijani juu ya mawe, kama mbuzi alavyo majani. Wako wadogo zaidi ambao nyumba yao ni gamba la konokono aliyekufa. Wakiona adui huingia ndani mara moja. Mama wa aina nyingi hubeba mayai kinywani mwake, na watoto pia, mpaka waweze kuogelea wenyewe. Lakini yuko samaki mmoja mwenye ndevu na madoa meusi ambaye ni mjanja. Mama yule anapotaga, yeye hupita upesi na kutaga mayai yake hapo hapo. Mama huyaokota yote pamoja, na kulea kinywani watoto wa mwingine, ambao huwala watoto wake mwenyewe!

Yuko pia samaki anayekula magamba ya wenzake. Humjia mwenzake kwa nyuma na kumng'oa magamba ubavuni. Kinywa chake kimepinda: kwa wengine upande wa kuume, kwa wengine upande wa kushoto. Mjapani Michio Hori aliandika mwaka 1993 kwamba wenye kinywa cha upande mmoja wakizidi, samaki wengine hujifunza kujilinda upande ule, na hapo wale wa upande wa pili hupata chakula zaidi. Basi hesabu yao hurudi kuwa karibu sawasawa.

Sasa fikiri jambo hili. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake ni mita 1,470. Duniani liko ziwa moja tu lenye kina kuzidi hili, nalo ni Baikal la Urusi. Mtu akisikia hivyo atasema, «Basi samaki wana nafasi kubwa!» Sivyo. Ukishuka mita 100, na upande wa kusini mita 200 hivi, maji hayana tena hewa ya kumfaa samaki. Huko chini ni giza, wala samaki haishi. Tena, ndagala na mikeke hukaa katikati ya maji mapana, lakini aina nyingi zaidi hukaa karibu na pwani, penye mawe, mchanga na mwanga wa jua. Ziwa ni pana, lakini makao yao ni kama mshipi mwembamba uliofungwa kulizunguka. Hata mshipi ule umekatika vipande vipande. Wako samaki wadogo wa mawe ambao hawapendi kuvuka mchanga. Kwa sababu hiyo wale wa mawe ya Ubwari wana rangi yao, na wale wa pwani nyingine wana rangi nyingine.

Na kila mto unaoshuka milimani, uwe Mutambala upande wa Baraka au kijito kisicho na jina, unaangukia juu ya mshipi huo.

Zamani mto ulileta maji safi na matope kidogo. Mvua ilipopiga, majani ya miti yaliipokea, na mizizi ilishika udongo. Siku hizi miti ya mlimani inakatwa kwa ajili ya mashamba na makala. Wakati wa kiangazi majani yanachomwa moto. Mvua ya kwanza inakuta mlima uko wazi, udongo unashuka mbio, na mto unakuwa mwekundu. Mkulima anasema, «Shamba langu limechoka.» Halikuchoka, limehama. Limekwenda kulala juu ya mawe ya ziwa.

Matope yakifunika mawe, ukoga haupati mwanga, na samaki wanaoukwangua hukosa chakula. Mashimo ya kujificha hujaa. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walitoa habari za pwani za kaskazini ya ziwa hili. Walikuwa wamelinganisha mahali penye matope mengi na mahali penye matope machache. Penye matope mengi walikuta aina chache zaidi za samaki na za vidudu vidogo vya maji. Hakuna aliyetupa sumu pale. Ulikuwa udongo tu.

Mto hauleti tu, unapokea pia. Mvua zinapoanza, kambale hupanda mito kwenda kutaga katika majani yaliyofunikwa na maji. Mvuvi anajua hayo, na hapo ndipo jaribu lilipo. Akiziba mlango wa mto kwa wavu, atapata samaki wengi kwa siku moja, na wote wana mayai. Tuwatazame jirani zetu wa Ziwa Viktoria. Walikuwa na samaki aitwaye ningu, mtamu sana, aliyepanda mito wakati wa mvua. Mwaka 1905 nyavu za kutega za Wazungu zililetwa katika ziwa lile, na baadaye watu walizitega midomoni mwa mito. Ningu walipungua mno. Wengi humsingizia sangara, aliyetiwa huko katika miaka ya 1950, lakini ningu walikuwa wameanza kupungua kabla sangara hajaenea.

Wavu wa chandarua ni mbaya kuliko huo, maana hauachi hata kitoto. Na utupa ukipondwa na kutiwa mtoni huua wakubwa na wadogo pamoja, hata wale ambao hakuna atakayewaokota.

Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Nyumba nyingi zilikula bugali na sombe bila ndagala, na mvuvi asiye na shamba aliona taabu ya kweli. Lakini amri ile inawahusu wenye mitumbwi. Haiwezi kuyazuia matope. Kazi hiyo ni ya wenye majembe: kulima matuta ya kukata mteremko, kutolima mpaka ukingoni mwa mto, na kuyaacha matete na mafunjo mlangoni mwa mto, kwa kuwa hayo huchuja maji.

KAZI

Chukua chupa mbili safi. Jaza moja maji ya mto kabla ya mvua, na ya pili siku ya mvua kubwa. Ziache usiku kucha bila kuzitikisa. Asubuhi pima kwa rula matope yaliyotua chini ya kila chupa, uandike.

MASWALI

1. Kwa nini samaki hawaishi chini kabisa ya ziwa?
2. «Halikuchoka, limehama.» Eleza maana ya maneno hayo.
3. Mlango wa mto ulio karibu na kwenu una matete, au yamekatwa? Nani aliyakata, na kwa sababu gani?
4. Waulize wazee: ni samaki gani waliowavua utotoni, ambao leo hawaonekani?